Kifaa cha Kusomea cha Baba

Daktari wa macho alikuwa mtu wa maneno machache, na mimi watu wa maneno machache hunipandisha hasira. Alimmulika baba kwa kitochi chake, akaandika, akammulika tena, kisha akasema presha ya macho imeshakula pembeni kote, kilichobaki ni katikati tu. Matone yatachelewesha, hayatarudisha. Baba alikaa wima, kofia ameishika mapajani, kama mtu aliyeitwa na mkaguzi wa shule.

"Nitasoma mpaka lini, daktari?"

"Siwezi kukudanganya, mwalimu. Weka matone asubuhi na jioni, usiruke. Na kama kuna kitu unatamani kukisoma, kisome sasa."

Tukatoka. Tukashika njia ya stendi ya mabasi ya kwenda Kondoa, hapa Dodoma. Nilimshika mkono kwenye mitaro, naye akawa anautoa mkono wake taratibu kila tulipofika mahali pazuri. Tulipokaa kwenye benchi kusubiri basi, akasema, "Kile kitabu cha mchimba visima nilikisoma mbio mbio mwanangu. Nilikuwa na foleni ya watu wanaokisubiri. Nilijiambia nikistaafu nitakisoma vizuri." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha yoyote. Nikajikuta nalia pale pale mbele ya wauza mayai.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule vilimani, nje ya Kondoa. Kazi yake aliifanya zaidi katika miaka ya kukosa: darasa zima kitabu kimoja, chaki inakatwa vipande, na dukani rafu zimepigwa vumbi. Halafu zikaja zile zama za ruksa. Tukaambiwa kila kitu ruksa, na kweli, vitu vikaja: sabuni za kunukia, redio, mitumba mpaka ya soksi. Hapa Dodoma mjini wakaanza kutandaza vitabu chini, kwenye maturubai kando ya soko, na baba kila alipokuja kufuatilia mshahara wake alirudi na kitabu badala ya bati. Mama alinung'unika miaka yote hiyo. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa la udongo, mvua ikinyesha tunahamisha vitanda, na mume wake anahamisha vitabu kwanza. "Utakuja kuezekea hayo makaratasi," alikuwa akimwambia. Mchwa nao walikuwa na maoni yao. Walipanda ukutani kimya kimya, na siku ukivuta kitabu kutoka kwenye rafu unabaki na jalada mkononi, ndani mmejaa udongo. Cha mchimba visima kiliponea kwa sababu hakikuwa na nafasi ya kukaa nyumbani. Kiliazimwa kila siku.

Sasa kilikuwa nyumbani, na hakikusomeka. Vitabu vya zama zile vilichapwa kwa kubana matumizi, karatasi ya kijivu, herufi kama mbegu za mchicha. Nilimnunulia baba lenzi ya mkono. Aliisogeza juu ya mstari, akapoteza mstari, akarudi nyuma, akapoteza tena. Siku moja nilimkuta ameweka kitabu juani kabisa, katikati ya uwanja, yeye amekiinamia kwa magoti na viganja. Nilimwambia baba, watu watafikiri umepoteza sindano. Hakucheka, na mimi nikajuta kusema.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma. Chumba chetu kilikuwa cha wanawake watupu, tulishahama kutoka mashine za chapa kwenda kompyuta, na kila wiki kulikuwa na uvumi mpya wa nani atapunguzwa kazini. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa na mdogo wake Ulaya, na mdogo mtu huyo alikuwa akimtumia vitu vya kuuza. Mara manukato, mara simu. Siku hiyo akatoa kwenye mkoba kitu chembamba, cheusi ukingoni, kina kioo cha kijivu.

"Hiki cha kusomea vitabu," akasema. "Tazama hapa." Akabonyeza kitufe, herufi zikakua. Akabonyeza tena, zikakua tena. "Hakiwaki kama simu. Ukikipeleka juani ndiyo kinaonekana vizuri zaidi. Na chaji inakaa wiki kadhaa."

Nikashindwa kuondoa macho pale. Bei alipoitaja nikamwambia, wewe bibie, hicho kifaa kinasoma au kinapika na ugali? Akasema nifikirie, lakini nisifikirie sana, kuna mheshimiwa mmoja anakitaka.

Basi nikafikiri, nikafikiri mpaka kichwa kikauma. Kwa bei ile ningejaza rafu nzima ya vitabu vya karatasi. Lakini rafu nzima ya nini, ikiwa herufi zenyewe hazionekani? Nikasema nipige chapa mwenyewe kwa herufi kubwa, nichapishe kwenye karatasi. Nikapiga hesabu ya marimu ya karatasi na wino, na leo herufi zingekuwa kubwa, mwezi ujao zingekuwa ndogo, kwa sababu jicho lilikuwa linarudi nyuma. Karatasi ukishaichapa imechapwa. Kile kifaa kilikuwa na uwezo wa kumfuata baba kule macho yake yanakokwenda. Hilo ndilo lililonishika.

Kaka yangu mkubwa, mfanyabiashara wa alizeti pale Kondoa mjini, hakutaka kusikia. "Kitabu cha karatasi hakichajiwi," alinifokea kwenye simu. "Kikianguka hakivunjiki. Kikiibiwa, mwizi anakirudisha mwenyewe. Wewe unataka kumpelekea mzee wa vilimani kioo?"

"Kaka, mzee wa vilimani haoni herufi."

"Basi asomewe. Kwani kusoma lazima asome yeye?"

Hapo nikakata simu. Nilimwelewa, sikatai, lakini alinichoma. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya kumsomea baba, hakuna aliyekuwa na muda wa kumsomea. Mama hakupata kusoma shule. Alijua herufi za Kiarabu za chuoni, za kusalia, hizi za kwetu hapana. Wajukuu walikuwa mjini. Na mimi namjua baba yangu: kusomewa kwake ilikuwa kama kulishwa.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikanunua.

Siku ile ile nikakifungua nyumbani, na roho ikanishuka. Kilikuwa na vitabu ndani, tena vingi, vyote vya Kiingereza. Cha Kiswahili hakikuwamo hata kimoja, na fundi kompyuta wa ofisini alipotafuta kwenye mtandao akaniambia, dada, huku hatupo. Baba Kiingereza alikijua cha kufundishia. Cha kujifurahisha hakukitaka. Nikajiona juha. Nimenunua mtungi mahali pasipo na kisima. Yule fundi ndiye aliyesema kwamba maandishi yoyote tuliyoyapiga chapa wenyewe angeweza kuyaingiza.

Nilipomweleza mwenzangu wa meza ya pili, aliniangalia kama anayeniona mjinga. "Sisi ni wapiga chapa," akasema. "Chumba kizima. Unalia nini?"

Kwetu Kondoa mtu akifa tunamsomea hitima. Msahafu unagawanywa juzuu thelathini, kila msomaji anashika yake, wote wanasoma kwa pamoja, na kwa kikao kimoja msahafu mzima umesomwa. Nilipowasimulia wenzangu, Wakristo kwa Waislamu, wakasema basi na kitabu cha mzee tukifanye vivyo hivyo. Lakini juzuu zinakuja zimeshatenganishwa. Hiki kilikuwa kimeshonwa. Ilibidi nikifungue.

Nilikiomba kwa baba bila kumwambia ninachotaka kukifanya. Nikakilaza juu ya meza yangu ya kupigia pasi, nikakata uzi kwa wembe, kurasa zikaachana. Nilisikia vibaya kuliko nilivyotegemea. Kitabu kilichokwepa mchwa na waazimaji, nakichinja mimi. Kesho yake nikazigawa sehemu zile, kila mwanamke na yake, nao wakazipiga wakati wa chakula cha mchana na jioni baada ya kazi, na hakuna aliyenidai hata soda. Mwenzangu wa meza ya pili akazikusanya sehemu zote, akaziunganisha, akampa fundi. Mimi nilikuwa nimelazwa siku hizo, malaria. Nilirudi kazini nikakuta kifaa kiko tayari mezani, kimefungwa kwa gazeti.

Nikakipeleka mwenyewe. Baba alikipokea kwa mikono miwili. Nilimwonyesha kitufe cha kukuza na kitufe cha kufungua ukurasa, tukatoka naye mpaka uwanjani juani, akakaa kwenye kigoda, akasogeza kioo karibu na uso. Halafu akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, ile sauti yake ya darasani ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama.

Alipomaliza ukurasa akauliza, "Na kitabu chenyewe kiko wapi?"

Nikamweleza. Uzi, wembe, wanawake wa ofisini, sehemu kwa sehemu kama juzuu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hitima husomewa aliyekufa," akasema.

"Baba jamani."

"Natania mwanangu. Waambie Mungu awalipe." Lakini hakuwa akitania moja kwa moja, na wote watatu tulijua.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri, niseme ukweli. Nilikuwa nampelekea matone kwa kondakta wa basi, na mama alikuwa akinipa habari kwa simu ya jirani. Mzee anasoma. Mzee amekaa nje tangu asubuhi. Mzee ananisimulia habari za huyo mchimba visima mpaka nimeanza kumhurumia. Mama alikuwa anachukua kazi yake, kupepeta au kuchambua maharage, anakaa ubavuni kwake, na baba akifika mahali palipomgusa anamsomea. Miaka yote ile ya kunung'unikia makaratasi, sasa anauliza, enhe, maji yalitoka? Nilipokwenda mara ya pili herufi zilikuwa zimekuzwa mpaka kioo kimebeba mistari michache tu. Mara ya tatu kilibeba maneno machache. Baba aliyasoma moja moja, anabonyeza, anasubiri, anabonyeza. Nilimuuliza kama hachoki. Akasema, "Zamani nilikuwa nakimbia. Sasa naokota." Niliondoka na moyo mkunjufu, nikajisemea pesa yangu haikupotea.

Halafu masika yakaja kwa fujo. Makorongo yakajaa, mabasi yakawa yanalala njiani, na ofisini likatolewa tangazo jingine la kupunguzwa ambalo lilitufanya tusithubutu kuomba ruhusa. Matone nilituma kila kondakta alipokubali kuyabeba. Mama kwenye simu akawa anasema mzee hajambo, ila macho yamezidi, sasa namshika mkono kwenda msikitini. Nilimuuliza, anasoma? Akasema alikimaliza kile kitabu, ameniambia nikiweke sandukuni. Nikashukuru. Niliwaambia wenzangu mzee amemaliza, chumba kizima kikapiga makofi.

Barabara ilipokauka nikaenda. Baba alikuwa amekaa ndani, si nje, ameegemea ukuta, amefumba macho.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na jua?"

"Nimekuja nalo."

"Nalisikia mlangoni," akasema, na hakufumbua.

Nilikwenda sandukuni kutafuta kanga ya kujifunga. Kifaa kilikuwa juu, kimeviringishwa kwenye kitambaa cha kusalia. Chini yake zilikuwa chupa za matone, zote nilizotuma masika yote, na zote hazijafunguliwa. Nikazitoa moja baada ya nyingine nikazipanga chini. Nilidhani ni mama. Nikamgeukia kwa ukali ambao Mungu anisamehe.

"Mama, baba hajawekewa dawa?"

"Alikataa mwenyewe. Tangu masika yanaanza. Alisema dawa ni ya macho, na yeye macho hana tena, ya nini kupoteza dawa?"

"Nani alimwambia hana?"

"Mimi nijue? Anayeona ni yeye."

Nikakaa mbele ya baba, nikamuuliza. Akasema siku moja alikuwa anasoma vizuri tu, neno kwa neno, mchimba visima ameshuka chini kabisa na kamba imeanza kulika. Akabonyeza, na herufi hazikuja. Akabonyeza tena, hazikuja. Akageuka jua likae vizuri, akakisogeza puani, akabonyeza tena na tena, kweupe kote. Daktari alikuwa ameshamwambia siku itafika. Akajua ndiyo hiyo. Hakutaka kumshtua mama, akamwambia tu amekimaliza, akiweke.

"Lakini vitu vingine ulikuwa unaviona? Mama ulikuwa unamwona?"

"Nilikuwa naona ukungu wa vitu kama siku zote. Sasa ukungu nao umekwenda."

Nikaenda na kifaa kwa yule anayechaji simu kwa umeme wa jua pale senta, nikangoja. Kilipowaka kikafunguka pale pale baba alipoishia. Kweupe. Nikarudi nyuma kidogo: herufi hizo hapo, kubwa kama viberiti, kamba imeanza kulika. Nikaja mbele: kweupe, kweupe, kweupe. Nikaendelea kubonyeza kwa hasira tu, bila kutegemea kitu, na baada ya kweupe kwingi herufi zikarudi. Sura nyingine. Mchimba visima yuko juu, amekaa kivulini, hadithi inaendelea.

Nilirudi nyumbani nikapanda kichuguu cha nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, nikampigia mwenzangu wa meza ya pili. Wakati wote wa kumwuliza nilikuwa nimeshajua, kwa sababu ni sheria ya chumba chetu, na mimi mwenyewe niliwafundisha wageni walipokuja kazini: sehemu moja ikiwa haijafika, huungi iliyotangulia na iliyofuata, unaiachia kurasa zake nyeupe mpaka ifike.

"Si ile sehemu ya mwenzetu aliyepunguzwa akarudi kwao Manyoni?" akasema. "Aliondoka nayo kwenye mfuko wa vitu vyake. Nikaiachia nafasi. Kwani sikukuambia? Ulikuwa unaumwa, nilidhani nimekuambia."

Nilipiga kelele. Sauti yangu ikishapanda huwa haina adabu, na pale kichuguuni ilisikika mpaka kwa majirani. Nilimwambia alikuwa haoni kurasa nyeupe yule mzee, alikuwa anaona upofu! Nilimwambia ameacha dawa! Masikini ya Mungu akawa analia upande wa pili, akawa anasema samahani, samahani, na mimi nikawa siwezi kunyamaza, kwa sababu nikinyamaza nitabaki na jambo lenyewe. Salio likaisha.

Niliposhuka, baba alikuwa ametoka nje. Amekuja peke yake, kwa kupapasa ukuta, amesimama na mkono mmoja kwenye mwimo wa mlango. Mama alikuwa nyuma yake. Wamesikia yote.

Nikamkalisha kwenye kigoda. Nikakuza herufi mpaka mwisho wake, neno moja tu, nikamwekea kioo mbele ya uso, jua limekipiga sawasawa.

"Baba, fumbua. Tazama hapa. Nini hiki?"

Alifumbua. Macho yake yalikuwa mazuri tu kwa kuyatazama, meusi, yana maji. Yakatafuta. Yakapita juu ya kioo, yakapita juu ya mkono wangu, yakaenda kukaa mahali fulani kwenye bega langu, yakatulia hapo.

"Jua nalisikia," akasema.

Nikakishusha. Mbuzi wa jirani alikuwa anakula maganda ya maharage miguuni petu na hakuna aliyemfukuza.

"Kwa hiyo siku ile palikuwa hapana kitu," baba akasema.

"Ndiyo baba."

"Nilikuwa bado naona."

Ni mama aliyejibu, na hakuwa akinijibu mimi. Alikuwa ameketi chini ubavuni kwake, pale pale alipokuwa akikaa na maharage yake siku zote zile za kusoma.

"Hata mimi niliona hamna kitu pale," akamwambia. "Kweupe kabisa. Mimi si msomi. Nilidhani ninyi mliosoma mnakiona."